Nusu ya Nusu

Kidonge ni cha manjano hafifu, kina mfuo katikati
kama barabara waliyoichora wakasahau kuilima.
Nakikata kwa wembe juu ya sahani ya bati,
chumba cha dawa, Bugando, dirisha la upande wa ziwa.
Vumbi lake nalifuta kwa kitambaa chenye maji,
maana hata vumbi lake lina kazi.

Hila yake ni hii: kinajifanya tofali.
Chembe yenye pupa ya kuzaana haikagui, inalibeba,
inalijenga ukutani, na ukuta unaporomoka.
Kwa Mwalimu Lukonge, ndugu wa kidonge hiki
hutuliza utumbo uliokuwa ukimwaga damu
akiwa ubaoni, chaki mkononi, darasa la tano.
Kwa Nyanjige, miaka saba, wa Nansio,
chenyewe huwinda saratani ndani ya uboho.

Machi, chembe nyeupe za Nyanjige zilianguka
mpaka mia nne. Mdomo vidonda. Homa nyuzi arobaini.
Nami, mbele ya wodi nzima, nikamuuliza mama yake:
"Ulimzidishia?"
Akasema hapana.
Nikauliza tena, polepole, kama tunavyowauliza
watu walioshuka kwenye kivuko na ndoo.

Siku hizo utafiti ulikuwa unadai damu:
kijiko kimoja, jina, tarehe, sahihi au dole gumba.
Umeme ukakatika. Tulinunua barafu Kirumba,
ya wachuuzi wa sangara, na vichupa vyote arobaini na kimoja
vikalala humo usiku kucha, vikinuka samaki.
Wiki sita. Majibu yakaja, karatasi moja.
Kuna kimeng'enya kinachoivunja dawa hii mwilini.
Wengi wanacho tele. Wengine kiasi.
Nyanjige hana.
Kidonge kizima, kile kilichoandikwa kwenye kitabu changu,
kwake kilikuwa vidonge kumi.

Nilishuka wodini na karatasi, nikiikunja, nikiikunjua.
Mama alisikiliza. Hakusema "nilikwambia."
Alifungua pindo la khanga, akatoa kiberiti,
na ndani ya kiberiti njiti, zimekatwa vichwa,
moja kwa kila usiku aliompa mtoto dawa.
Kisha pakiti, na vidonge vilivyobaki.
Akavipanga kitandani. Tukahesabu wote wawili.
Havikupungua hata kimoja.

Ushahidi huo ulikuwa hatua tatu
kutoka pale niliposimama Machi.
Sikuomba kuuona.

Sasa nakata nusu ya nusu, mara tatu kwa wiki.
Nyanjige anameza jioni, na anataka kujua
kipande kinachobaki kinakwenda wapi.
Swali zuri. Nimeliandika.
Upande wa pili wa korido Lukonge anasubiri chake, kizima,
anasahihisha madaftari magotini.
Mama Nyanjige amenunua kiberiti kipya.
Mimi pia ninacho kimoja, mfukoni mwa koti jeupe;
kila ninapojiandaa kumuuliza mtu "ulizidisha?"
kinachakacha kwanza.