Kuinama

Kule Bulengo asubuhi huwa tunaipima kwa kibiriti.
Unakiwasha usawa wa kifua: kinawaka.
Unakishusha polepole, kiunoni, pajani,
na pale kinapozimika bila upepo
ndipo mazuku yanapoanzia.

Siku ile yalikuwa yamenifika magotini.
Mumbere alikuwa na miaka minne.
Fanya hesabu mwenyewe.

Mpira wake wa mifuko ya plastiki ulibingirika
hadi kwenye kibonde, katikati ya mawe ya volkano.
Alilala kando yake kama mtoto aliyechoka kucheza.
Nilimfikia nikiwa wima, mzima, ninapumua.
Kumwinua kulitaka kuinama.
Niliinama.
Nakumbuka uchachu puani, kama soda,
kisha majirani wananivuta kwa mkanda wa suruali
na mikono yangu haina kitu.

Walipokuja wale wa maabara na hema lao jeupe
Kaswera hakuniuliza.
Walieleza kwa picha: yuko fuko asiye na manyoya,
mbaya wa sura, hukaa mbali na sisi, nchi kavu,
mia nzima katika shimo moja wakipumuliana;
hewa inayotuua sisi, yeye huilalia.
Tutachukua neno moja tu katika damu yake, wakasema,
tulitie katika yako.
Neno moja! Hata mahari yetu ilianza kwa neno moja.
Akakunja mkono wa blauzi.

Sindano sita, miezi saba.
Watu wa Mugunga walingoja aote meno ya panya.
Hakuota. Ngozi tu ililegea viwikoni,
na pilipili ikaacha kumwasha:
huitafuna kama karanga
akinitazama ninavyolia kwa mchuzi uleule.
Mwili wake sasa hufuata joto la nyumba.
Usiku wa mvua namgusa mgongo, ni baridi ya sufuria,
nashtuka, natafuta mshipa shingoni,
naye huniambia: Sikuli, lala. Ningali hapa.

Amekwisha kutoa mbuzi kumi na mmoja,
mlevi wa Kyeshero,
mapacha wa Mama Nzigire
(mmoja alikohoa, mmoja hakukohoa).
Wanaomshukuru humletea maharagwe,
akishaondoka huosha kiti alichokalia.
Mhubiri alisema Mungu hakuuchanganya
udongo wetu na wa panya.
Kaswera akamjibu:
udongo ulioniulia mwana ulikuwa safi,
haukuchanganywa na kitu.

Mimi wameniita mara mbili. Jina langu liko kwenye karatasi.
Nasema kesho, nasukuma chukudu yangu,
nashusha makaa ya watu Goma mjini, narudi jioni.
Sababu siijui vizuri.
Labda mmoja wetu lazima abaki anawashwa na pilipili.
Labda ni woga tu, nao nimeupa jina zuri.

Alfajiri nyingine hakuna aliyepotea, wala mbuzi,
naye anashuka.
Nabaki ukingoni na kamba asiyoihitaji;
nimemfunga kiunoni kwa kuwa hukubali kufungwa.
Nawasha kibiriti, nakishusha.
Magotini. Palepale.
Namwona anainama, kitu chepesi, kama mtu anayeokota kijiko.
Anakaa. Anajilaza ubavu,
mahali ninapopajua mimi na yeye,
na kifua chake kinapanda, kinashuka, hakina haraka.
Nahesabu hadi mia tano, naanza tena.
Kamba imelegea mkononi.

Akipanda huwa na umande sikioni.
Simwulizi kitu. Namfungua fundo, twaenda kuwasha jiko.
Siku moja tu alisema mwenyewe,
akiwa amenipa mgongo, anapepeta mchele:
pale alipolala hapana jiwe, baba Mumbere.
Ni nyasi.