Wimbo wa Kulala, Wimbo wa Kusimama

Kila Alhamisi, saa nne na nusu, mimi ndiye mwenye kitufe.
Napanga viti arobaini katika ukumbi wa Rochdale,
juu ya kila kiti karatasi ya maneno
na bendera ndogo ya kijiti, watoto wasilie.
Wanaapa. Safari hii yumo Sirwan, mwashi wa Erbil,
kanyoa ndevu hadi mashavu yamewasha.
Kisha nabonya, na ukumbi mzima unasimama
kuimba jambo ambalo nusu yao
ndiyo kwanza wanalisoma.

Mwaka ule malkia alipofariki sikupewa karatasi mpya.
Nilipewa kalamu.
Karatasi mia mbili na kumi, usiku, jikoni kwangu,
nafuta mke, naandika mume,
nafuta, naandika,
hata kahawa ikapoa na mkono ukafa ganzi.
Nikacheka peke yangu: lugha yangu ingeniokolea wino.
Ukisema mlinde, umemaliza.
Awe bibi, awe bwana, hiyo m moja inamtosha.

Leo baada ya kiapo, chumba cha chai kimewaka.
Callum wa mitambo anasema wimbo huu ubadilishwe:
"Ndani yake hamna mvua. Hamna kiwanda, hamna mto Roch,
hamna bibi yangu aliyefuma pamba miaka thelathini
akafa kiziwi.
Yumo mtu mmoja tu, nasi kazi yetu kumwombea."
Winifred Ashworth anakoroga chai isiyo na sukari.
"Baba yangu aliusimamia kwa mguu mmoja," anasema,
"mwingine aliuacha vitani.
Uguseni tu. Mtakuwa mmemkalisha."

Kimya. Kisha wananigeukia:
"Nawe, Hawayu? Kwenu vipi?"

Kwetu.
Kwetu ni Ngao, ukingoni mwa Tana,
na wimbo wa taifa letu, kabla haujawa wa taifa,
ulikuwa wa kubembelezea mtoto.
Ulikaa mgongoni pamoja naye, ndani ya kanga,
mama akipalilia mpunga, jua likimchoma utosini.
Wakaja watu wenye daftari, wakachukua sauti yake,
wakaivika maneno ya sherehe, wakaipa tarumbeta.
Ikapendeza. Sisemi haikupendeza.
Mimi mwenyewe huusikia redioni nikatokwa na machozi
mbele ya sinki la vyombo.

Lakini jioni moja bibi alimbeba mdogo wangu Jillo,
miaka minne, ana homa,
ndiyo kwanza ameanza chekechea.
Akamwanzishia ule wa zamani, taratibu,
kama alivyoimbiwa yeye, na mama yake kabla yake.
Na mtoto, badala ya kusinzia,
akateleza mgongoni hadi chini,
akabana mikono mapajani,
akasimama wima, macho mekundu, anatetemeka,
akingoja bendera ipande.

Bibi akanyamaza. Hakuuimba tena nyumbani.
Tulipomuuliza, alisema neno moja:
"Wameuajiri."

Callum anacheka, halafu anaacha.
Winifred naye kijiko kimesimama.

Kwa hiyo mimi sijui, nawaambia.
Badilisheni. Wimbo si kaburi, na hata kaburi huhamishwa
barabara ikipita.
Ila mtakapokwenda kutafuta mwingine,
wenye mvua yenu na pamba yenu,
pigeni hodi kwanza.
Ulizeni unatoka nyumba ya nani,
na usiku huo watu wa nyumba hiyo watalalia nini.

Mlango unafunguliwa. Sirwan amesahau koti.
Binti yake kamlalia begani, mdomo wazi,
ameshika karatasi ya maneno, pembe moja imelowa mate.
Anauliza, kwa aibu, kama imempasa airudishe.
Chukua, namwambia.
Naitazama ikitoka mlangoni:
pale nilipofuta, bado panasomeka.