Zilizosokotwa Kushoto

Shaame kaja na kikoi cha marehemu babake,
kakitandaza juu ya cherehani sijatoa hata sindano.
"Nkatie matamvua haya, fundi, halafu pinda.
Jana yameingia kwenye mnyororo wa baiskeli,
nusura nivukwe na nguo mbele ya msikiti wa Bopwe."

Sina ugomvi na pindo.
Kwa pindo za kanga, hapa Limbani,
nimesomesha watoto wawili,
wa tatu kaishia njiani kwa hiari yake.
Pindo halibishani. Nguo ikifika hapo imefika.
Tamvua ni mgeni aliyekwisha kuaga,
mkono uko kwenye komeo,
na ndiyo kwanza anakumbuka alilojia.

Nikavaa miwani.
Upande mmoja matamvua mia na kumi na mbili.
Upande wa pili tisini na tano,
na mapengo, kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Kazi ya Bi Mize. Namjua mkono wake,
kawasokotea nusu ya wanaume wa mtaa huu:
nyuzi nane nane, kiganja juu ya paja,
zote zikielekea kulia,
na fundo mwishoni, dogo, punje ya mtama.

Ila hapa katikati,
ishirini hivi, zimekwenda kinyume.
Kushoto.
Tena zimelegea, fundo moja kubwa, moja halipo.
Nikadhani ni macho yangu. Nikazigeuza juani.

Mkono wa kulia ulikuwa na kazi nyengine siku ile.
Ulikuwa umebeba kichwa
kilichokuwa hakijaweza kujibeba,
kinanyonya, kinalala, kinashtuka, kinanyonya.
Mwaka nimeupiga hesabu.
Shaame ni mwanawe wa pekee.

Sikumwambia.
Mtu kama yule ukimwambia atalia,
akilia atasema ni vumbi la pamba,
atakaa hapo kwenye benchi mpaka alasiri,
na mimi nina sare tatu za skuli za kesho asubuhi.

Nikachukua mkasi. Mzuri, wa chuma, wa baba yangu.
Nikakata uzi wa sare.

Matamvua nimeyalaza kwa ndani,
moja moja, kwa kidole,
nikakunja kitambaa juu yake,
nikashona mara mbili kwa uzi wa rangi ya samli.
Pindo limenenepa. Linapinda pinda kama njia ya ng'ombe.
Fundi mwengine akiliona
atauliza huyu kafundishwa na nani.

Jioni kaja, kakivaa juu ya suruali kukijaribu.
"Mbona huku kuzito?"
"Vikoi vya zamani ndivyo vilivyo."
Kakipapasa, kanitazama, kakipapasa tena.
Nikamtoza bei ya pindo, shilingi mia tano,
akapanda baiskeli yake,
na mnyororo haukushika kitu.