Kilo Thelathini na Moja

Daktari Hietala ametupanga tena,
Irja kwanza, kisha mimi,
bila viatu, bila saa, bila pete
isipokuwa ile ya Irja isiyovuka tena kifundo cha kidole.
Mizani ya Helsinki haina adabu.
Inataja tofauti yetu kwa taa nyekundu:
kilo thelathini na moja,
uzito wa mtoto wa miaka tisa
ambaye hakuna kati yetu aliyemzaa.

Yai moja, asema daktari,
lililogawanyika siku ya nne au ya tano.
Vinasaba vilevile, herufi kwa herufi,
barua iliyonakiliwa na karani asiyesinzia.
Basi nani alimwaga wino kwenye nakala?

Jibu nilikuwa nalo. Miaka arobaini
nimelisugua kama kijiko cha fedha:
mimi najizuia, yeye hajizuii.
Nililisema kanisani Kuhmo, nikalisema posta,
nikalisema hata kwa kunyamaza,
nilivyolisogeza bakuli la siagi
mbali na mkono wake, kila Krismasi.

Usiku wakatulaza katika hosteli ya hospitali,
vitanda viwili, friji moja.
Saa tisa na dakika kumi nikaamshwa na njaa yangu,
ile nisiyomwambia mtu,
isiyotoka tumboni bali nyuma ya macho.
Irja alikwisha kuketi, miguu sakafuni.
"Nawe pia?"
"Tangu lini?"
"Tangu tuzaliwe, nadhani."

Tukala mkate mweusi gizani.
Tulianza na ukoko, sote wawili,
tukaacha nyama ya mkate, tukaghairi, tukaimaliza.
Tulitafuna kwa mwendo mmoja.
Bibi yetu alighani mashairi ya mizani nane
na alitufundisha kuhesabu kwa vidole;
mizani hii hakutufundisha mtu.

Kisha akanisimulia Göteborg:
zamu ya usiku katika kiwanda cha magari,
mashine ya chokoleti iliyokoroma mlangoni,
chumba juu ya duka la mikate,
harufu ya iliki ikipanda ngazi saa kumi alfajiri
kabla hajavua koti.
Mume aliyeondoka. Mume aliyerudi. Goti.
"Wewe je?" akauliza.

Mimi nilikuwa na kilomita tisa za theluji hadi dukani,
mfuko wa barua begani,
na Mama,
aliyewahi kula mkate wa magome ya msonobari,
akituhesabia vipande,
akificha ufunguo wa stoo ndani ya sidiria
mpaka siku alipokufa,
nami nina miaka hamsini na minne.
Huo ndio uadilifu wangu.
Ufunguo wa mtu mwingine. Barabara mbaya.

Husemwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
Mimi sikumjua mwenye njaa mwenzangu,
njaa yetu moja,
kwa kuwa yake nilikuwa nimeipa jina la uvivu.

Asubuhi wakatupa fomu.
Swali la kumi na saba:
*Je, una uwezo wa kujizuia mbele ya chakula?*
Ndiyo. Hapana. Wakati mwingine.
Irja aliweka alama upesi, bila kuinua uso,
kama mtu aliyezoea kukiri makosa.
Mimi visanduku vyote nikaviacha wazi.
Pembeni nikaandika kwa penseli:
duka lilikuwa mbali.