Kabichi Inapofunga

Saa nane usiku, uwanda wa Nobeyama,
taa vichwani, migongo imeinama,
tunakata kabichi kabla jua halijazilegeza.
Lori la ushirika huondoka saa kumi na moja,
halimngoji mtu, hata Chiyomi mwenye shamba.

Ng'ambo ya reli, sahani nyeupe ya darubini
imetazama juu, kimya,
kama bakuli lililosahauliwa nje.
Kiangazi hewa imelowa; haioni kitu.
Nami niliyeiongoza majira yote ya baridi
nimegeuka kibarua wa kisu.

"Hii je?" nauliza.
Chiyomi haangalii. Anabonyeza kwa kiganja.
"Majani tu. Haijafunga."
Hatua moja. Anabonyeza.
"Hii imefunga."
Kisu. Shina linatoa mlio mfupi.

Nacheka peke yangu gizani,
maana ndiyo kazi niliyoifanya Januari,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
kikombe cha supu mkononi,
nikibonyeza galaksi.

Gesi huko ni tele.
Imetandikwa galaksi nzima kama shuka.
Tunaiona kwa kaboni monoksaidi,
ile ile inayomuua aliyelala na jiko la mkaa chumbani,
na ukishachora ramani yake unajipa moyo:
hapa kesho patazaliwa nyota!
Wapi. Majani tu.
Gesi nyingi ni ya kupita njia,
haizai hata cheche.

Kujua palipofunga, tunaitafuta sumu nyingine,
ile ya kokwa la plamu mbichi, sianidi ya hidrojeni.
Hiyo haing'ai penye ulegevu.
Hung'aa pale molekuli zimesongamana
zikigongana bila kuombana radhi,
na mng'ao wenyewe ni hafifu,
mnong'ono wa mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.
Usiku saba tuliutega sikio.
Wa nane, mstari ukainuka kwenye skrini
kama kidole cha mtoto asiye na hakika ya jibu.

Tukaweka kando yake mwanga wa nyota changa,
ule wa joto, uliochujwa na vumbi.
Hesabu zikakaa.
Iliyofunga ikiwa maradufu, nyota nazo maradufu;
galaksi tulivu, galaksi zilizovaana zikararuana,
kanuni ile ile.
Shamba si ekari. Shamba ni vichwa.

Khuyên, aliyetoka Nghe An kwa mkataba wa miaka mitatu,
ananyoosha mgongo: "Na gesi iliyobaki?"
"Inangoja zamu."
"Kama mimi na viza," anasema,
anabeba katoni mbili kwa mpigo.

Ila nisidanganye mbele ya mboga.
Katikati ya galaksi yetu wenyewe, upande wa Mshale,
gesi imefunga kwelikweli, vipimo vyote vinakiri,
na nyota zinazozaliwa ni za kuhesabu.
Wapo wasemao ni msukosuko, gesi haitulii ikajikusanya.
Wapo wasemao ngoja, bado.
Mimi nimeichora grafu ile mara kumi na moja
na nukta ile moja inakaa chini ya mstari,
imeninunia.

Namweleza Chiyomi tukifunga katoni.
Anafikiri kwa muda wa katoni tatu.
"Mwaka mmoja kipande kile cha chini
kilinitolea vichwa vigumu kama mawe.
Ukipasua, ndani hamna moyo."
"Sababu?"
"Sijui. Mwaka uliofuata nikapanda mahindi."

Mashariki kunaanza kupauka.
Juu yetu ule mkanda wa nyota bado upo,
na katikati yake madoa meusi
ambayo utotoni niliyadhani matundu.
Sasa najua ni pale palipojaa mno.

Lori linapiga honi barabarani.
Katoni ya mwisho imepungua vichwa viwili.
Tunarudi mstarini mbio,
viganja mbele,
tukibonyeza.