Sifuri Zisizolala

Saa tatu za usiku simu hutoa mlio mfupi,
kama kikohozi cha mgeni asiyetaka kuudhi.
La kwanza: Jana umelala saa ngapi?
La pili: Umeota ndoto za kutisha?
La tatu nimelihifadhi kama namba yangu ya mtihani:
Je, unaepuka mahali, vitu au harufu
vinavyokukumbusha tukio?
Chagua sifuri mpaka nne.

Ewe simu, huu ni msimu.
Kutoka Mzambarauni mpaka Wete mjini
karafuu zimelala majamvini, kando ya lami,
uani, kwenye uwanja wa skuli.
Harufu imo katika shuka, katika chai,
katika nywele za dada yangu.
Pemba nzima inanuka siku ile.
Niepuke niende wapi?
Hata meli ya Unguja imepakia magunia.
Nabonyeza nne.

Raya wa hospitali ya Chake ndiye aliyeniwekea programu hii.
Alinikalisha kwenye benchi, akaniambia,
"Khatibu, humu usimpendeze mtu."
Wiki ya kwanza nilimpendeza.
Sifuri, sifuri, moja, sifuri,
mchoro ukajinyoosha chini, mtulivu, mwenye afya.
Kumbe simu ilikuwa inahesabu kimyakimya
mara ngapi kioo kimewaka saa nane,
saa tisa, saa kumi kasoro robo.
Raya akapiga:
"Sifuri gani hizi zisizolala?"

Mama hana simu ya kugusa.
Ana kikombe cha bati juu ya kabati.
Kila akisikia mlango wangu usiku
hutumbukiza karafuu moja.
Juzi alikimwaga mbele yangu, akahesabu kwa kidole.
"Kumi na saba tangu mwezi uandame.
Na hicho chombo chako kinasema ngapi?"
Kilisema kumi na tano.

Wala simu hii si mgeni wa tukio.
Ilikuwepo.
Nilikuwa chini ya mkarafuu,
kamba ya tawi mkono wa kushoto,
simu mkono wa kulia, nampiga video
ndugu yangu Shaame, yuko kileleni, anaimba ovyo,
anamwambia mchumba wake aje aone
mtu anavyochuma mahari.
Sekunde arubaini na moja.
Katika ya thelathini na nane anasema, "Vuta, Khatibu."
Sikuvuta.
Nilikuwa naitafuta sura yake kiooni,
jua lilikuwa linaificha.
Kisha majani. Kisha mbingu. Kisha
nyasi, karibu mno.

Maswali ni ishirini.
Hakuna linalouliza kamba ilikuwa mkono gani.
Mwishoni kabisa kuna kisanduku kitupu:
Kuna jambo jingine ungependa kueleza?
Siku thelathini na mbili nimekipita
kama mtu apitaye makaburini bila kutoa salamu.

Leo umeme umekatika.
Uani wanachambua kwa kandili,
namsikia mama akitenga makonyo,
tik, tik, ndani ya ungo.
Chaji asilimia sita.
Naandika: Kamba ilikuwa kushoto.
Nafuta.
Naandika: Aliniambia nivute.
Nafuta "aliniambia", nairudisha.
Kidole kimesimama juu ya neno Tuma,
kinatetemeka kama tawi lililobeba mtu.
Asilimia nne.
Nakiacha kianguke.

Asante, inasema. Majibu yako yamehifadhiwa.
Halafu kioo kinazimika, na mimi nimo gizani
na uso wangu wenyewe, sijui umekaaje.

Natoka nje.
Mama haniulizi kitu. Anasogea kidogo
jamvini, anausukuma ungo
mpaka unagusa goti langu.
Harufu ni ile ile.
Nachota konzi ya kwanza.