Zamu ya Maji

Kilianza kidole. Cha shahada, mkono wa kulia,
kile kinachosukuma kitambaa chini ya sindano.
Nilidhani ni baridi ya Juni, ile inayoshuka usiku
kutoka mlimani na kulala juu ya mabati ya Majengo.
Nikakipuliza. Nikakipaka mafuta ya mgando.
Siku ya tatu kilikuwa na rangi ya zambarau mbivu.
Siku ya nne vilikuwa viwili.

Nywele nilitarajia zitaondoka.
Kutapika nilikutarajia pia,
nikanunua ndoo mpya ya bluu, na mfuniko wake.
Ile dawa ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa,
ilidondoka tone tone nikiihesabu kama mishono.
Hakuna aliyeniambia ninunue kitu kwa ajili ya vidole.

Dakta Kileo ana kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino.
Kwa ile ya tatu alichora juu ya bahasha ya eksirei:
mistari miwili, kisha akainenepesha kwa ndani
mpaka ikakaribia kugusana.
"Mshipa wa damu, mama. Ukuta wake umevimba.
Damu inafika kwenye kifundo, kwenye ncha haifiki."
Nikauliza, saratani imehamia mkononi?
"Hapana. Ni dawa yetu. Hutokea kwa nadra sana."

Nadra.
Dukani kwangu neno hilo lina bei.
Kitenge cha nadra mteja hukishika kwa ncha za vidole,
huuliza mara mbili, hurudi mwisho wa mwezi.
Sasa kitambaa ni mimi.
Wanafunzi sita wa udaktari wamepanga mstari,
mmoja mmoja ananigeuza kiganja,
samahani mama, samahani mama,
na wa mwisho, binti mwenye hina iliyofifia kwenye kucha,
hakusema samahani.
Alikipuliza.

Kibosho, baba yangu ndiye aliyeshika zamu za mfongo.
Mwaka mmoja wanaume walishuka na majembe kuusafisha,
wakakwangua kwa bidii, kwa nia njema, wakiimba,
mpaka kingo zikalegea, udongo ukafura kwa ndani
na maji yakawa uzi.
Juu, kwa Eliamringi, migomba ilikunywa ikashiba.
Chini, kwetu, majani yalikauka kuanzia ncha.
Huanzia ncha, alisema baba, akakaa kimya.
Utamshtaki nani? Mtu aliyekuja kusafisha?

Wameisimamisha dawa.
"Ilikuwa inafanya kazi," alisema Kileo, akitazama bahasha.
Uvimbe ulikuwa parachichi, umekuwa ndimu.
Ilikuwa. Neno hilo liliniuma kuliko kidole.
Ndimu imo bado, imekaa gizani,
inajua kwamba majembe yamewekwa chini.

Vidonge vipya ni vidogo, vichungu, vinane kila asubuhi.
Uso wangu umekuwa sahani.
Majirani wananipokea getini:
umenawiri, mama Manka, Mungu ni mkubwa!
Nami nasema amina, kwa sababu maelezo ni marefu
na mguu unawaka.
Saa tisa usiku njaa inaniamsha kama mkwe mkorofi,
nakula mtori wa jana, wa baridi, nimesimama.

Kidole cha kati kimerudi, waridi kidogo pembeni mwa ukucha.
Cha shahada ncha yake imebaki nyeusi, ngumu,
punje ya kahawa iliyosahauliwa kwenye kikaango.
Huenda itadondoka yenyewe. Huenda haitadondoka.
Gauni la bibi harusi wa Jumamosi nimelipeleka kwa Ndelilio;
mishono yake ni mipana, lakini atalimaliza.

Jana usiku niliwasha tochi ya simu
nikaiweka nyuma ya kiganja.
Nyekundu, nyekundu, nyekundu, halafu kivuli.
Nikangoja hapo kwenye mpaka,
kama baba alivyolala kondeni na jembe ubavuni
akisikiliza kama yamefika.

"Mama, unafanya nini?" Manka, mlangoni, na khanga begani.
Nangoja zamu, nikamwambia.
Hakuelewa. Alichukua ile sufuria
akaenda kuiosha.